Gesi ya AC Haiishi, Inavuja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Viyoyozi vya Magari ya Zamani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu kila mwandishi anasema ameshajaza gesi kabla ya kutuandikia. Tumechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa wengi wenye magari ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000.

SWALI: Nina Corolla ya mwaka 1998. Mwaka huu nimeshajaza gesi mara tatu kwa mafundi tofauti. Ikijazwa inapooza vizuri, lakini baada ya wiki tatu au nne upepo unarudi kuwa wa moto. Fundi wa mwisho ameniambia gari likizeeka linakula gesi, nizoee. Ni kweli?
*Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Si kweli, kaka. Gesi ya AC hailiwi wala haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipooza mpaka inakuwa kimiminika, evapareta iliyo ndani ya dashibodi inaifyonzesha joto la chumba cha abiria mpaka inakuwa gesi tena, halafu safari inaanza upya. Ikipungua, imetoka nje. Gari la umri huo linaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira kwa muda wa miaka, ila kuisha ndani ya wiki tatu maana yake kuna tundu, na kila aliyekujazia bila kulitafuta amekuuzia gesi ya kwenda angani.

Anza kwa macho na tochi. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja gesi hutoka na oili, na vumbi la barabarani hunata hapo. Tafuta doa jeusi lenye utelezi kwenye viungo vya mabomba, kwenye pembe za chini za kondensa ambako mawe hugonga na matope hukaa, na nyuma ya puli ya kompresa. Ukiona mstari mwembamba wa oili iliyorushwa kwenye vyuma vinavyoizunguka puli, sili ya shafti imechoka. Kisha toa vifuniko vya vali mbili za kujazia, weka tone la maji ya sabuni juu ya kila moja na usubiri dakika mbili tatu. Povu likiinuka, kiini cha vali ndicho kibovu. Ni kitu kidogo cha bei nafuu kinachofunguliwa na kubadilishwa mfumo ukiwa mtupu. Rudishia vifuniko vyenye mpira wake, maana navyo huzuia uvujaji.

Usipoona kitu, fundi aingize naitrojeni kavu hadi 150 psi, afunge geji, na apake maji ya sabuni kiungo kwa kiungo. Asithubutu kutumia oksijeni ya kuchomelea: oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka. Upepo wa kujazia matairi nao haufai, una unyevu na unaiingiza hewa mahali isipotakiwa. Naitrojeni ikiachwa nusu saa, au usiku kucha kama tundu ni dogo, na sindano ikashuka huku viungo vyote vya nje vikiwa vikavu, mshukiwa ni evapareta. Hiyo haionekani. Ipo njia ya rangi maalumu inayoingizwa pamoja na oili kisha inang'aa kwa taa ya urujuani: baada ya siku kadhaa za kutumia AC, mulika mdomo wa bomba linalotoa maji chini ya gari. Rangi ikionekana pale, evapareta imetoboka. Kwenye Corolla za miaka hiyo iko nyuma ya boksi la dashibodi upande wa abiria wa mbele, na kuitoa ni kazi ya kawaida kwa fundi mwenye subira.

Tundu likishazibwa, usikubali kazi iishie kwenye kujaza. Oringi za kila kiungo kilichofunguliwa ziwe mpya na za kufaa R134a, yaani gesi ya AC ya magari haya, zipakwe oili kabla ya kukazwa. Draya, ile chupa ndogo inayonyonya unyevu na kuchuja gesi, ibadilishwe ikiwa mfumo umekaa wazi. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi na draya hushiba upesi. Oili iongezwe kulingana na kifaa kilichobadilishwa: takriban mililita 40 kwa kondensa au evapareta, 10 hadi 20 kwa draya. Kompresa nyingi za Denso za R134a hutumia ND-OIL 8, ambayo ni oili ya aina ya PAG 46. Halafu hewa ivutwe kwa pampu dakika 30 hadi 45, na gesi ipimwe kwa mizani. Magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 450 na 700, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "sasa limepoa" anabahatisha.

SWALI: Kwenye barabara ya Magu AC yangu inapooza mpaka tunafunga madirisha na kutafuta sweta. Nikiingia mjini kwenye foleni, hasa mchana, upepo unakuwa vuguvugu. Gesi imepungua?
*Dereva, Kisesa*

JIBU: Gesi iliyopungua kwa kawaida ingekusumbua hata ukiwa mwendoni. Gari linalopooza likikimbia na kushindwa likisimama, mara nyingi linakosa upepo kwenye kondensa. Ukiwa kasi, upepo wa barabarani unafanya kazi. Ukisimama, kazi yote ni ya feni.

Washa AC gari likiwa limesimama linaunguruma. Kwenye magari yenye feni ya umeme, feni inatakiwa kuzunguka pale pale kompresa inaposhika au muda mfupi baadaye. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kuna feni zinazozunguka lakini kwa uchovu kwa sababu brashi za mota zimeisha. Hizo humdanganya mtu anayetazama tu. Na kama mota imewahi kubadilishwa, weka kipande cha karatasi mbele ya kondensa: kinatakiwa kuvutwa kuelekea kwenye injini. Kikisukumwa nje, waya zimegeuzwa na feni inapigana na upepo.

Feni ikiwa nzima, tazama kondensa yenyewe. Huku kwetu ina adui ambaye vitabu vya gereji havimtaji: wale vijidudu vya ziwani wanaotanda juu ya maji kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Ukipita katikati yao usiku hunasa kwenye mapezi ya kondensa, vumbi linawafunika, na baada ya miezi michache unapata blanketi. Uchafu mbaya zaidi hujificha kati ya kondensa na rejeta, usipoonekana kwa mbele. Oshea maji ya bomba ya kawaida, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi upepo.

Kipimo cha haraka: upepo ukiwa vuguvugu kwenye foleni, simama mahali salama, mwagia kondensa maji polepole kwa jagi injini ikiwa inawaka. Upepo wa ndani ukirudi kuwa baridi ndani ya dakika moja mbili, jibu umeshalipata bila kununua gesi.

SWALI: Mimi ni fundi ninayeanza. Nimenunua pampu mpya ya kuvuta hewa lakini geji inaishia 26, haifiki 29 au 30 kama ninavyoona kwenye video. Nimeuziwa mbovu? Na pia naomba mnisaidie namna ya kusoma presha.
*Fundi kijana, Igoma*

JIBU: Pampu yako huenda ni nzima kabisa, fundi. Zile video zimerekodiwa karibu na usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa ni inchi 29.9 za zebaki. Mwanza iko kwenye mwinuko wa mita 1,140 hivi, na hewa yetu ina uzito wa kama inchi 26 tu. Geji hupima tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo hata ukiondoa hewa yote iliyomo ndani, sindano itaishia karibu 26. Kinachokuhusu ni kama inabaki hapo: funga geji, zima pampu, subiri dakika 15 hadi 30. Ikipanda, ama kuna tundu ama kuna unyevu unaoendelea kuchemka ndani. Vuta tena, ikituama safari ya pili au ya tatu, ulikuwa unyevu.

Kuhusu kusoma presha, anza kabla ya kuwasha gari. Injini ikiwa imelala usiku kucha, pande zote mbili zinalingana na R134a inatii joto la hewa: kwa nyuzi 20 ni karibu 68 psi, nyuzi 25 karibu 82, nyuzi 30 karibu 97. Kwa mwinuko wetu ongeza kama 2. Ukikuta 130 asubuhi ya nyuzi 25, ndani hamna R134a safi. Kuna hewa, au mtu ameweka R22 ya majokofu na viyoyozi vya nyumbani, ambayo kwa joto hilo husimama karibu 137. Usiendelee. Ukikuta 30, gesi imebaki kidogo sana. Ila usikosee hapa: presha sahihi ya gari lililolala haikwambii kuwa gesi inatosha. Kimiminika kikiwa gramu 100 au 600, presha ni ile ile. Kiasi kinajulikana kwa mizani peke yake.

Kisha washa, injini iende kama mizunguko 1,500 kwa dakika, feni ya ndani mwisho, milango wazi. Hewa inayoingia ikiwa nyuzi 30 hadi 35, Toyota nyingi za zamani hutakiwa kuonyesha 21 hadi 36 psi upande wa bluu, yaani presha ya chini, na 199 hadi 228 upande wa nyekundu, yaani presha ya juu. Hewa ikiwa baridi kidogo kuliko hapo, upande wa nyekundu nao utashuka.

Sasa linganisha sindano mbili kwa pamoja, usisome moja. Zote chini: gesi imepungua. Zote juu: gesi imezidi, au kondensa haipati upepo, au kuna hewa ndani. Bluu juu huku nyekundu ikiwa chini, na ukizima AC zinalingana upesi mno: kompresa haikandamizi tena. Bluu inazama kwenye utupu: njia imeziba, mara nyingi kwenye valvu ya ekspansheni, ile inayoshusha presha kabla ya evapareta, au kwenye draya. Pitisha mkono kwenye draya ukiwa mwangalifu. Ikiwa inaingia ya moto na kutoka ya baridi, au ina jasho upande mmoja, imeziba.

Vaa miwani. Kimiminika cha R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na tone moja jichoni linaweza kukuachia upofu. Na usifungue koki nyekundu kuelekea kwenye kopo injini ikiwa inawaka, kopo litapasuka mkononi mwako.

SWALI: RAV4 yangu ya 2001 inapooza asubuhi. Mchana, baada ya dakika ishirini za mwendo, ubaridi unakata ghafla. Nikiegesha nusu saa unarudi. Nimeambiwa ninunue kompresa ya mtumba.
*Msomaji wa kike, Ilemela*

JIBU: Subiri kwanza, dada. Kompresa iliyokufa ndani haifufuki kwa kupumzika nusu saa. Dalili hii inaelekeza kwenye klachi ya kompresa au umeme unaoilisha.

Ubaridi ukikata, usizime gari. Fungua boneti, weka mikono na nguo mbali na mikanda, utazame uso wa kompresa. Puli huzunguka muda wote. Sahani iliyo mbele yake huzunguka pale tu klachi inaposhika. Sahani ikiwa imesimama huku AC imewashwa, fundi umeme apime volti kwenye waya wa klachi wakati huo huo. Kupima baada ya gari kupoa hakumsaidii mtu.

Umeme upo, volti 12 au zaidi, na sahani haishiki: nafasi kati ya sahani na puli imepanuka kwa kulika. Kwenye kompresa nyingi za Toyota nafasi hiyo inatakiwa kuwa milimita 0.35 hadi 0.60. Koili ya klachi ikiwa baridi sumaku yake ina nguvu ya kuivuta sahani hata ikiwa mbali kidogo. Ikipata moto, ukinzani wake unapanda, umeme unapungua, na sumaku inashindwa kuruka ile nafasi. Tiba ni kufungua boliti ya katikati, kutoa sahani, kuondoa washa moja nyembamba iliyo kwenye shafti, na kupima tena kwa fila, vile vibamba vya kupimia nafasi, kuzunguka pande zote. Isiwe chini ya 0.35, la sivyo sahani itakwaruza puli na kuungua. Kompresa haifunguliwi mabomba na gesi haitoki. Koili yenyewe ikiwa baridi inatakiwa kupima omu 3 hadi 4. Ikiwa imekatika au imeshorti, ibadilishwe peke yake.

Umeme haupo: kagua fyuzi, badilishana rilei ya AC na nyingine ya aina ile ile kwenye boksi, kisha swichi ya presha. Swichi hiyo kwenye Toyota za wakati huo hukata umeme presha ikishuka chini ya 28 psi au ikipanda hadi 455. Ikiwa inakata mchana kwa sababu presha imepanda, ugonjwa wako ni ule wa dereva wa Kisesa, yaani feni na kondensa. Fundi akiunganisha waya za swichi ili AC ishike, iwe kwa sekunde chache za kupima huku geji zimeunganishwa. Ikiachwa hivyo, siku presha ikizidi hakuna cha kuisimamisha.

SWALI: Noah yetu ya 2000 tukitoka Mwanza kwenda Geita inapooza vizuri sana. Tukishavuka Busisi upepo unaanza kupungua mpaka unakuwa hafifu, ingawa feni inasikika inavuma. Tukizima AC dakika kumi maji mengi yanamwagika chini, kisha inarudi.
*Wasafiri, Buhongwa*

JIBU: Evapareta inaganda. Barafu inaziba mapezi, upepo unakosa pa kupita, na yale maji ni barafu inayoyeyuka. Kwanza angalia filta ya hewa ya ndani kama gari lenu linayo, na uchafu kwenye evapareta yenyewe. Ikiwa safi, shuku sensa ya joto, kijiti chenye waya mbili kilichochomekwa kwenye mapezi. Kazi yake ni kuikata kompresa baridi ikikaribia kuganda. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo inapima takriban omu 1,500 kwa nyuzi 25, na karibu 5,000 ikitumbukizwa kwenye maji ya barafu. Isipobadilika, au ikiwa imechomoka na kuning'inia mbali na mapezi, mmeshampata mwizi.

Kama upepo ungebaki na nguvu ila ukawa wa moto, tungesema mengine: unyevu ndani ya mfumo unaganda kwenye tundu jembamba la valvu ya ekspansheni. Hapo sensa haina kosa. Dawa ni draya mpya na kuvuta hewa upya.

SWALI: Land Cruiser yangu ni ya 1989 na inatumia gesi ya zamani ya R12. Fundi mmoja amesema ataweka gesi ya kupikia, eti inapooza kuliko zote na ni rahisi. Mnashaurije?
*Mzee, Musoma*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Usikubali. Gesi ya kupikia kweli inapooza, na kweli inawaka. Evapareta iko ndani ya chumba cha abiria. Ikivuja madirisha yakiwa yamefungwa, cheche ya swichi au kiberiti inatosha. Tena fundi mwingine atakayefungua mfumo huo baadaye hatajua kilichomo.

R12 iliondolewa kwa makubaliano ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea ziliacha kuitengeneza kufikia 2010, na makopo yanayouzwa leo kwa jina hilo ni ya kutilia shaka. Njia ya halali ni kuhamia R134a. Mafuta ya zamani ya madini yasafishwe, kwa kuwa hayachanganyiki na R134a na kompresa itakosa ulainisho. Iwekwe oili ya esta, oringi mpya, draya inayofaa R134a, na vichwa vipya vya kujazia. Gesi ianzie asilimia 80 ya kiasi cha R12 kilichoandikwa, iongezwe taratibu huku geji zikitazamwa, isizidi 90. Kondensa yako ilibuniwa kwa R12, hivyo kwenye foleni ubaridi utapungua kidogo. Feni ya ziada ya umeme mbele ya kondensa husaidia sana. Mwisho, fundi abandike karatasi chini ya boneti yenye aina ya gesi, gramu alizoweka, aina ya oili na tarehe.